Kabla ya kulipia shule ya urubani, hesabu ndege zinazoruka

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi na vijana huniuliza ni shule gani ya urubani yenye bei nafuu zaidi kwa saa. Swali lao lina msingi, kwa kuwa leseni ya urubani wa biashara huziuzisha familia nyingi shamba au kiwanja, na anayeuza kiwanja ana haki ya kupima kila shilingi. Hata hivyo, baada ya kusomea Nairobi katika uwanja wa ndege wa Wilson na kurudi nyumbani Tanzania kuruka na Caravan, ndege ndogo ya abiria yenye injini moja, kwenye viwanja vya mbuga za kaskazini, nimefikia uamuzi kwamba bei ya saa ni kipimo dhaifu. Kipimo chenye uzito ni kama shule hiyo itakuwezesha kuruka mfululizo, wiki baada ya wiki, mpaka umalize.

Sababu yake iko katika hesabu za leseni yenyewe. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinamtaka mwombaji awe na saa 200 za kuruka, au 150 iwapo amesoma kwa mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa. Ndani ya saa hizo zimo 100, au 70 kwa aliye kwenye kozi hiyo, ambazo yeye mwenyewe ndiye rubani mwenye mamlaka ya ndege, pamoja na safari moja ya angalau kilomita 540 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Mwanafunzi anayeruka mara tatu au nne kwa wiki huweza kukaribia kiwango hicho cha chini. Anayeruka leo kisha akakaa wiki tatu akisubiri ndege hurudia somo lilelile la kutua, na marudio hayo huyalipia kwa bei kamili. Shule iliyokuwa nafuu kwa saa huishia kuwa ghali kwa leseni.

Kwa hiyo, unapotembelea shule, usiridhike na picha za ndege zilizobandikwa ukutani. Omba kupelekwa hanga, yaani banda la ndege, kisha uliza kila ndege iliruka lini mara ya mwisho. Ndege ndogo ya mafunzo kama Cessna 172 hufanyiwa ukaguzi mkubwa kila inapotimiza saa 100, na kati yake huwa na kazi ya kubadilisha oili kwenye saa ya 50. Ikiruka saa tano kwa siku, basi katika siku ishirini tu imerudi kwa fundi. Shule yenye ndege mbili itabaki na moja kila mwezi hata kama hakuna kilichoharibika, na kipuri kikihitaji kuagizwa kutoka nje, wanafunzi wote watapanga foleni kwenye ndege hiyo moja. Uliza pia kama shule ina mafundi wake au inategemea karakana ya jirani yenye wateja wengine. Ndege ya injini mbili iulizwe peke yake. Shule nyingi zinayo moja tu, na nimewaona vijana waliokamilisha kila kitu wakabaki wanasubiri miezi kwa sababu ya ndege hiyo.

Mafuta ni jambo ambalo wazazi hawalifikirii. Cessna na Piper nyingi za mafunzo hutumia avgas, petroli maalumu ya ndege ambayo katika ukanda wetu huuzwa katika viwanja vichache, na ikikosekana mafunzo husimama. Baadhi ya ndege mpya zaidi, kama vile Diamond zenye injini za dizeli, hutumia Jet A-1, mafuta yaleyale ya ndege kubwa, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi. Sisemi kwamba shule yenye Cessna ni mbaya, maana mimi mwenyewe nilijifunza kwa Cessna na ninaipenda. Nasema uliza shule ilifanya nini avgas ilipoadimika mara ya mwisho.

Halafu ulizia mita. Saa unayotozwa hupimwa kwa kawaida tangu injini inapowaka mpaka inapozimwa, wala haianzi magurudumu yanapoacha ardhi. Wilson ni kati ya viwanja vyenye shughuli nyingi za ndege ndogo barani Afrika. Asubuhi ndege za watalii huondoka zikifuatana, na mwanafunzi husubiri zamu yake injini ikiwa inaunguruma na mita ikihesabu. Kiwanja kidogo nje ya mji hukupa mizunguko mingi ya kupaa na kutua kwa saa ileile. Lakini anayejifunzia Wilson huzoea mapema kuzungumza na mnara wa kuongozea ndege na kusikiliza marubani wengine wanane kwa wakati mmoja, ujuzi ambao wa kiwanja kisicho na mnara atalazimika kuutafuta baadaye. Binafsi ningechagua shule inayoanzia sehemu tulivu, kisha ikawahamishia wanafunzi wake kwenye uwanja wenye msongamano. Hakikisha vilevile kama bei inajumuisha mafuta, mwalimu, ada za kutua na ada za mitihani, kwa sababu shule mbili zinazotaja bei zinazolingana huweza kuwa mbali sana zikishajumlishwa.

Mahali penyewe nako hufundisha. Wilson iko juu kidogo ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, na injini ya kawaida isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo mwanafunzi anapaa akiwa amekwisha kupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu. Anajifunza tangu mwanzo kupunguza mafuta katika mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia kwenye injini, kupima urefu wa njia ya kurukia na kuheshimu joto la mchana. Anayetarajia kufanya kazi Seronera, ndani ya Serengeti, ambako nako ni zaidi ya futi 5,000, atayahitaji mazoea hayo siku ya kwanza. Kwa upande mwingine, kati ya Juni na Agosti mawingu ya chini huifunika Nairobi asubuhi nyingi, na mwanafunzi anayeruka kwa kutumia macho hukaa chini mpaka yainuke. Pwani haina tatizo hilo kwa kiasi kile.

Walimu nao huondoka. Wengi ni vijana wanaokusanya saa kuelekea 1,500 zinazotakiwa kwa leseni ya juu ya usafirishaji, na kazi ya shirika ikipatikana wanakwenda, nao wana haki hiyo. Kinachotenganisha shule ni kama kuna mwalimu mkuu mkongwe aliyebaki, na kama rekodi ya kila somo imeandikwa vizuri kiasi kwamba mwalimu mpya anaweza kuendelea palepale. Waulize wanafunzi, nje ya ofisi, wamebadilishiwa walimu mara ngapi.

Cheti cha shule kisomwe, na si kutazamwa tu. Mamlaka ya usafiri wa anga, iwe TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, huidhinisha kozi kwa majina, na shule inaweza kuwa na idhini ya leseni binafsi pekee huku ikitangaza ya biashara. Cheti cha afya cha daraja la kwanza nacho kitangulie malipo yoyote, kwa kuwa tatizo la macho au moyo likigunduliwa baada ya ada kulipwa, hasara ni yako.

Kwa wanaofikiria Marekani, mtindo wa mafunzo usiofuata mtaala ulioidhinishwa hudai saa 250, na ule ulioidhinishwa saa 190. Leseni hiyo itabidi ibadilishwe ukirudi, kwa mitihani na jaribio la kuruka, kwa hiyo waulize TCAA masharti ya kubadilisha kabla ya kuomba viza.

Kuhusu malipo sina msimamo laini: usilipe kozi nzima kwa mkupuo, hata ukiahidiwa punguzo kubwa. Februari 2008 Silver State Helicopters ya Nevada, Marekani, ilifunga ghafla ikiwa na wanafunzi zaidi ya 2,000, wengi wakiwa na mikopo ya takriban dola 70,000. Mwaka 2023 Tayside Aviation ya Dundee, Uskoti, shule ya miaka mingi yenye jina zuri, nayo iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kama shule za huko huanguka, hakuna sababu ya kudhani za kwetu zina kinga. Lipa kwa awamu za saa kumi au ishirini, pata risiti inayotaja saa zilizobaki, na hakikisha mkataba unaeleza kwa maandishi utarejeshewa kiasi gani, na katika muda gani, ukiamua kuhama. Shule ikikataa kuliandika hilo, nenda kaangalie nyingine.