Begi la michoro

Leo nafagia chumba cha binti yangu nikakuta uvunguni lile begi la michoro. Nikakumbuka baridi ya 2018, tumepanga foleni Manhattan, jijini New York, nje ya LaGuardia, sekondari ya sanaa iliyo jirani na kumbi za maonyesho za Lincoln Center.

Mimi mtu wa Tanga, kwangu kuchora ni jambo la Jumamosi, ukishamaliza hesabu. Alipotaja shule hiyo nikamjibu, "Mwanangu, sina hela za shule za matajiri." Akacheka. "Mama, hii ni ya serikali, hailipiwi ada." Hapo ndipo nikaanza kusikiliza!

Meya wa jiji hilo, Fiorello La Guardia, ndiye aliyeianzisha, 1936, kwa vijana wenye vipaji vya muziki na uchoraji. Siku hizi kuna pia dansi, maigizo, uimbaji na ufundi wa jukwaa. Fani yako unaisoma kila siku kama mtu anayejiandaa kwa kazi, na hesabu na sayansi ziko palepale, hakuna kukwepa. Ila kuingia ni usaili. Wa maigizo walikuwa ukutani wanajisemea peke yao, nikadhani wanasali.

Wangu alibeba michoro kumi na miwili, kisha akatakiwa kuchora tena mbele ya walimu. Wazazi tukabaki nje, mikono mifukoni. Alipotoka, vidole vyeusi kwa mkaa, nikamuuliza imekuwaje.

"Wameuliza bibi mwenye kanga ni nani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema yuko Tanga, na hajui kama nimemchora."