Kabla hujaomba ruzuku ya gridi ndogo: hesabu zinazokwamisha maombi

Chukua stakabadhi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 10,000. Chini ya bei ya uniti (kilowati-saa moja) utaona mistari mitatu: VAT 18%, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1%, REA (Wakala wa Nishati Vijijini) 3%. Huo wa REA ni shilingi 245.90. Kila anayenunua umeme wa TANESCO anakatwa, na fedha hizo huingia Mfuko wa Nishati Vijijini, uliotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, ile ile iliyounda Wakala wenyewe. Kwa hiyo ruzuku inapotangazwa kwa waendelezaji wa gridi ndogo, yaani mitambo midogo ya sola au maji yenye nguzo zake inayohudumia kijiji au kitongoji, ujue sehemu ya fedha za Mfuko imetoka kwa mama lishe na kinyozi. Inastahili kuombwa kwa hesabu safi.

Maombi mengi hufia mahali pamoja. Mwombaji huanza na paneli: ana bei ya muuzaji, ana picha ya kontena, ndipo anatafuta kijiji cha kuzipelekea. Anza na watu na matumizi yao. Ruzuku nyingi za siku hizi hulipwa kwa matokeo, maana yake mlipaji anahesabu mteja aliyeunganishwa na ambaye taa yake inawaka. Paneli zilizo juu ya fremu bila mteja hazina malipo.

Kwanza, eneo lenyewe. Umeme umeshafikishwa katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi iliyobaki ni vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Andiko la mradi linalodai kijiji kizima "hakina umeme" wakati transfoma ya TANESCO iko kilomita mbili litarudishwa siku hiyo hiyo. Panapofaa hasa ni visiwa vya Ziwa Victoria na vitongoji vilivyotengwa na mabonde au misitu. Kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, gridi ndogo ya sola ilianza kuhudumia kijiji cha Bwisya mwaka 2016, na ukitazama ramani utaelewa bila maelezo kwa nini nguzo hazikufika huko mapema.

Sasa hesabu ya matumizi. Pita nyumba kwa nyumba ukiwa na karatasi, usikadirie ukiwa barazani kwa mwenyekiti. Usiulize "ungependa umeme?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Uliza mwezi uliopita alitumia shilingi ngapi kwa mafuta ya taa, betri za tochi, kuchaji simu na dizeli ya jenereta. Hicho ndicho kiasi anachoweza kulipa.

Tuchukulie kitongoji cha nyumba 120. Kila nyumba ikitumia uniti 0.25 kwa siku (taa nne, simu, redio, tivii ndogo kwa saa chache), ni uniti 30. Friji 15 za dukani, kila moja uniti 1.5, ni 22.5. Mashine ya kusaga ya kilowati 7.5 ikisaga saa nne, ni 30. Zahanati, 5. Jumla 87.5. Lakini umeme hupotea kwenye waya, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani), betri na vumbi la paneli, basi gawanya kwa 0.75, upate karibu 117. Gawanya tena kwa saa za jua kali za mwezi mbaya kuliko yote, tuseme 4.5, utapata kilowati 26. Hizo ni paneli 58 za wati 450. Wengi hutumia wastani wa jua wa mwaka mzima hapo, kisha msimu wa mawingu betri hazijai, na wateja wanakatiwa saa mbili usiku.

Betri zihesabiwe kwa matumizi ya usiku tu. Kama usiku unakula uniti 40, na betri za lithiamu unazitumia hadi 80% ya ujazo, unahitaji 50. Ongeza 10% ya upotevu, ufikie 55. Mashine ya kusaga isiingie kwenye hesabu hii. Iandikwe kwenye mkataba wa mteja kwamba inasaga kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa limepanda. Sharti hilo moja linapunguza gharama za betri kuliko punguzo lolote la muuzaji.

Mashine hiyo hiyo ndiyo huangusha mitambo mingi. Mota ya kilowati 7.5 ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake, yaani kutoka ampea 15 hadi karibu 90 kwa sekunde chache. Inveta iliyopimwa kwa taa na friji itajizima, na kitongoji kizima kitaingia gizani kwa sababu ya debe moja la mahindi. Weka kiwashio laini au kifaa cha kubadili masafa ya umeme, na ukiweke kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, maana mwenye mashine hatakinunua. Angalia waya pia. Kwa kilomita moja ya njia ya umeme wa fezi tatu wa volti 400, waya wa alumini wa milimita za mraba 25 unapoteza takribani volti 25 mota ikiwa inazunguka kawaida, na wa 50 unapoteza kama 13. Ukiwa umebana gharama kwenye waya, wakati wa kuwasha mota huguruma tu bila kuzunguka, koili zinapata moto, na mteja wako mkubwa anarudi kwenye dizeli.

Kwa wanaotaka kufua umeme wa maji, hesabu ni fupi lakini haina huruma. Pima mto mwishoni mwa kiangazi. Nyanda za Juu Kusini hiyo ni Oktoba hadi Novemba kabla ya mvua. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 kando ya ukingo, tupa chungwa katikati ya mkondo. Chungwa ni zuri kuliko kipande cha mti kwa sababu linazama kiasi na upepo haulisukumi. Likichukua sekunde 25, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Rudia mara tano, chukua wastani. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo kwenye mto wa mawe zidisha kwa 0.7, upate 0.28. Upana wa mita 1.2 na kina cha wastani cha sentimita 15 vinatoa mita za mraba 0.18. Zidisha: lita 50 kwa sekunde. Siyo zote ni zako, kuna maji ya kubaki mtoni, basi hesabu 40.

Mwanguko, yaani urefu ambao maji yanashuka hadi kwenye mtambo, upime kwa mpira mwangavu uliojaa maji na fito mbili: usawa wa maji huku na huku ni mmoja, unaandika tofauti ya urefu, unashuka hatua kwa hatua na kujumlisha. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira kinaharibu kila kitu, kwa hiyo ukague kila unaposogea. Tuseme umepata mita 20. Nguvu ni 9.81 (mvutano wa dunia) × 0.04 (lita 40 kwa mita za ujazo) × 20 (mwanguko) × 0.6 (ufanisi wa mtambo), yaani kilowati 4.7. Mto huo huo Machi unaweza kupitisha lita 300, na mtu akaandika kilowati 35 kwenye andiko lake. Mkaguzi ataomba vipimo vya kiangazi, na mradi utaishia hapo.

Makaratasi yana mfuatano wake. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye sahihi za waliohudhuria uje kwanza, kisha hati ya ardhi ya mtambo na ridhaa ya njia ya nguzo. Halafu NEMC, baraza la mazingira, na kwa maji, kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika. EWURA: mradi wa chini ya megawati 1 umesamehewa leseni, lakini haujasamehewa usajili. Anza ya bonde na mazingira mapema kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu tangazo la ruzuku likishatoka, wiki hazitoshi.

Kisha fedha, na hapa naomba usome polepole. Ruzuku ya matokeo huja baada ya kazi. Tuseme mradi ni milioni 400 na ruzuku ni milioni 160. Nguzo na betri unalipia mwezi wa nne. Wateja wanaunganishwa mwezi wa tisa, mkaguzi huru anakuja, anakuta nyumba kumi mita zimefungwa lakini hazijawahi kununua uniti, anazitoa kwenye orodha. Malipo yanaingia mwezi wa kumi na tatu. Miezi tisa hiyo milioni 160 ilitoka benki. Kwa riba ya 16% kwa mwaka umelipa milioni 19.2. Kiasi hicho kikikosekana kwenye bajeti, mradi unasimama ukiwa na nguzo bila waya. Nenda na barua ya ruzuku benki kabla hujaagiza chochote, na orodha ya wateja iwe na namba ya mita, jina, picha ya mita na tarehe ya ununuzi wa kwanza wa umeme.

Bei ya uniti ijadiliwe hadharani mkutanoni. Wananchi wanajua jirani wa TANESCO vijijini huunganishwa kwa 27,000, na mtumiaji mdogo hulipa 100 kwa uniti kabla ya tozo. Bei yako itakuwa juu ya hiyo, na wanastahili kuonyeshwa kwa nini: betri, fundi wa kudumu, mlinzi. Waonyeshe pia wanachoacha kununua, lita ya mafuta ya taa na kuchaji simu.

Mwisho, jenga njia za volti 400/230 na masafa ya hezi 50 kwa viwango vya gridi ya taifa, nguzo zilizotiwa dawa, mita za kulipia kabla. TANESCO ikifika siku moja, kanuni zinakuruhusu kuwauzia umeme, au kununua kwao kwa jumla na kuendelea kusambaza. Mtandao wa nguzo za mikaratusi mibichi na waya wa nyumbani hautapokelewa na mtu, na wateja wako watahamia kwao ndani ya mwezi mmoja.