Mradi wa jiwe la Maktau: A imetoka na tumbo lake

Leo nimefungua kalibu ya saba na kwa mara ya kwanza zile A mbili zimetoka nzima. Nimepiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Kwa aliyekosa mwanzo: natengeneza jiwe la zege la kusimama kwenye shamba la mjomba, hapa Maktau kando ya barabara ya Voi–Taveta, kuonyesha kwamba hapa palikuwa na kambi ya Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kibao cha kwanza kilikuwa cha mbao. Ndovu akaja usiku akajikuna nacho, asubuhi tukakikuta kimelala. Na mchwa walikuwa wameshakila mguu, kwa hiyo ndovu sikumlaumu sana.

Maneno yenyewe ni MAKTAU 1915, basi. Yamenila miezi miwili. Herufi nataka zizame ndani ya zege, si kupakwa rangi juu, maana rangi kwa jua la huku haifiki Krismasi. Herufi zisizo na tumbo zilinyooka mapema. Balaa ni A na 9: tumbo, yaani kile kipande cha zege kinachobaki katikati, hung'oka pamoja na herufi kila unapoivuta. Kila mara!

Nilianza na herufi za plaiwudi. Plaiwudi inakunywa maji ya zege, inavimba, inang'ang'ania. Nikaipaka oili chafu; jiwe likatoka na madoa kama sakafu ya gereji. Mafuta ya kupikia yale ya kuganda hayakuacha doa, ila tumbo la A likaondoka vilevile.

Dawa imekuwa kandambili kuukuu. Soli yake hainywi maji na inajikunja, kwa hiyo unashika pembe moja kwa koleo, unaivuta polepole, inaachia. Lakini ukate kingo kwa mshazari: upande uliogundishwa kwenye kalibu uwe mpana kuliko ule unaozama. Kalibu ya sita niliikosea hapo tu. Kisu cha kukatia hutafuna soli. Wembe mpya ndio wenyewe. Na usoni usiweke kokoto, weka saruji moja kwa mchanga mbili uliochekechwa, kokoto zije nyuma pamoja na waya. Kuna wanaonishauri nikodi mashine ya kutetemesha zege. Kwa jiwe la ukubwa wa mto wa kulalia? Nyundo ya mpira inatosha.

Kwenye kalibu herufi hubandikwa kinyume, kama kwenye kioo. Uzuri wa jina Maktau ni kwamba M, A, T na U hazijui kushoto wala kulia. K ndiyo iliyoniumbua, nikaibandika bila kuigeuza.

Mpango ulikuwa sasa nichimbe msingi, kisha nimwage jiwe la pili la kueleza mambo matatu: reli ya kijeshi iliyotoka Voi na kufika hapa katikati ya 1915, shambulio la Waingereza dhidi ya Wajerumani pale Mbuyuni tarehe 14 Julai, lililoshindwa, na Luteni Dartnell, aliyekataa kuwaacha majeruhi karibu na hapa tarehe 3 Septemba, akauawa, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kaburi lake liko Voi.

Msingi umengoja. Jana nikisubiri zege likauke niliwaza: huyo luteni ana kaburi lenye jina na ana nishani. Waliobeba maji na risasi wako wapi? Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki sokoni, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na mpagazi mmoja wa shaba amesimama na askari wawili kwenye sanamu ya Kenyatta Avenue, Nairobi. Barabarani kwetu sijawahi kuona hata herufi yao moja.

Kwa hiyo jiwe la pili ni lao, luteni atasubiri. Tatizo: WAPAGAZI ina A tatu na P moja, nami nimebakiwa na kandambili ya mguu mmoja. Za mke wangu bado mpya. Nimeziangalia mara mbili leo.