Siku Moja Maishani Mwangu: Mafuta ya Chipsi Yanapogeuka Sabuni ya Maji

Saa 12:00 asubuhi. Wakaanga chipsi wa Mwanza hufunga vibanda usiku sana, na mafuta waliyoyaacha karaini huwa yamepoa kufikia alfajiri, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuyafuata. Ninazunguka Kirumba na guta lenye madumu matupu, na kila dumu ninalopewa nalifungua papo hapo, nalinusa na kutazama rangi yake kabla ya kulipa. Wengi hudhani kwamba ugumu wa kazi hii uko kwenye kemikali. Kwa maoni yangu, ubora wa sabuni huamuliwa hapa kibandani, kwa sababu mafuta yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi na kutoa povu hubaki na harufu ambayo hakuna manukato yanayoweza kuificha.

Mama mmoja anayekaanga samaki, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, ananiuliza kwa mara nyingine kwa nini mafuta yake nayalipa bei ya chini kuliko ya jirani yake wa chipsi. Ninamweleza kwamba mafuta ya samaki huchacha upesi na harufu yake hupenya hadi kwenye nguo, hivyo nayatenga kwa ajili ya sabuni ya miche ya kusugulia sakafu. Haridhiki sana, lakini dumu ananipa. Zamani aliyamwaga mtaroni, na mitaro mingi ya mjini humaliza safari yake katika mto Mirongo, kisha Ziwa Victoria.

Saa 2:00. Uchujaji ndio unaokula asubuhi yangu. Ninayapasha mafuta moto kidogo ili yawe mepesi, nayapitisha kwenye chujio la waya, halafu kwenye kitambaa kizito, kwa kuwa chembe za viazi na unga zikiachwa huungua na kuifanya sabuni iwe ya kahawia. Baada ya hapo nayachanganya na maji ya moto yenye chumvi na kuyaacha yatulie. Maji hukaa chini pamoja na uchafu mwingi, mafuta huelea juu. Naosha tena kwa maji matupu, maana chumvi ikibaki huiharibu sabuni ya maji, kisha nachemsha hadi mlio wa maji yanayokaangika unyamaze.

Saa 4:30. Mizani, glavu, miwani, na siki kando kwa ajili ya matone ya kostiki, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, yatakayodondokea mezani. Yakidondokea ngozini, dawa ni maji mengi yanayotiririka. Sabuni ya maji hutumia kostiki ya potashi, ilhali ya miche hutumia kostiki soda. Kilo moja ya mafuta ya alizeti huhitaji takribani gramu 190 za potashi safi, na ya mawese huhitaji karibu gramu 200. Kwa kuwa madumu yangu huwa na mchanganyiko wa yote mawili, nachukua kiasi cha katikati. Potashi ninayonunua huwa na usafi wa asilimia 90 hivi, kwa hiyo kilo 10 za mafuta hupata kilo 2.1, na hapo nimeshapunguza kidogo kwa makusudi ili kitakachobaki kisiwe kostiki. Potashi ndiyo hutiwa ndani ya maji, wala si maji juu ya potashi, kwani joto linalotoka linaweza kuyarusha usoni.

Saa 5:00 hadi saa 8:00. Kukoroga, kupumzika, kukoroga tena juu ya moto mdogo. Mchanganyiko huanza mwepesi, hushikana kama ugali unaokaribia kuiva, kisha hulegea na kung'aa.

Saa 8:30 mchana. Nayeyusha kipande kidogo katika maji ya moto. Maji yakibaki maangavu, mafuta yamekwisha kugeuka. Yakiwa na ukungu mzito na mafuta yanayoelea, sufuria inarudi motoni. Leo ni maangavu. Sehemu moja ya uji huo nitaiyeyusha katika sehemu mbili za maji, nao utalala hadi kesho.

Saa 10:00 alasiri. Wateja. Swali la kawaida ni kwa nini povu ni dogo kuliko la sabuni ya unga ya dukani, nami huwajibu kwamba povu halipimi usafi. Maji ya ziwa ni laini na sabuni hii hufanya kazi vizuri ndani yake, lakini mteja anayeipeleka Dar es Salaam, kwenye maji ya visima yenye chumvi, namshauri atangulize magadi soda kidogo kwenye beseni, la sivyo ataona utando mweupe juu ya maji.

Kijana mmoja anauliza kama ni kweli kwamba sabuni hii inaokoa ziwa. Ninamjibu kwamba haina fosfati, ambayo ni chakula cha mwani na gugu maji, ila mbolea ya mashambani na maji taka huingiza ziwani virutubisho ambavyo sabuni yangu haiwezi kuvizuia. Ninachoweza kumhakikishia ni kwamba mafuta yaliyomo kwenye chupa yake hayakumwagwa mtaroni. Ananunua lita mbili na kuahidi kuleta dumu la mafuta kutoka hoteli anayofanyia kazi, nami namwomba asiyachanganye na ya samaki.