Nilivyopata hita ya chumba cha chini, Ilboru

Mtu wa Dar akisikia kuna watu wanatafuta hita Arusha anacheka. Aje Julai alale Ilboru. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanaweza kufunika jua siku nzima. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, kwa hiyo chini ya sebule kuna chumba ambacho ukuta wake wa nyuma umezikwa kwenye udongo. Kilishapigwa plasta, kikawekwa vigae na gipsamu, kikapendeza. Mama alipohamia humo akawa hakai bila koti na soksi.

Yeye alitaka jiko la mkaa. "Mwanangu, sisi tumekulia kwenye moto."

"Ni kweli mama, ila kile chumba cha jikoni kule Machame kilikuwa kinapitisha upepo kila upande."

Chumba hiki kina dirisha moja tu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mtu analala haamki. Hapo hakukuwa na mjadala.

Hita ya gesi ilinivutia zaidi kwa sababu haijali umeme ukikatika. Lakini kwanza nilitaka kujua ule ukuta wa nyuma una nini, maana rangi ilikuwa inababuka chini karibu na sakafu. Fundi akanionyesha kitu rahisi: unakata kipande cha nailoni, unakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, unakiacha. Matone yakitokea upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumbani. Kwetu yalikuwa ndani, nailoni imelowa kama kifuniko cha sufuria.

Basi gesi ikafa palepale. Hita za gesi zisizo na bomba la kutolea hewa nje zinamwaga mvuke chumbani: kilo moja ya gesi ikiungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ukuta unalia, halafu uuongezee machozi? Na bado inataka dirisha liwe wazi, yaani unapasha moto barabara.

Pesa ya kwanza ikaenda nje. Tulichimba mtaro nyuma ya ukuta, tukalaza bomba lenye matundu na kokoto juu yake, maji ya mvua yakapata njia ya kushuka bondeni. Hakuna hita inayokausha ukuta unaonyweshwa na udongo kila masika, na anayekuuzia hita hatakuambia hilo.

Zikabaki za umeme. Hita ya mafuta, ile yenye mapezi ambayo umeme unapasha mafuta yaliyofungiwa ndani, ni kavu, haina kelele na bei yake inavumilika. Tatizo ni LUKU. Ya wati 2,000 ikifanya kazi mfululizo kwa saa tano inakula yuniti 10, na kwa takriban shilingi 350 kwa yuniti hiyo ni 3,500 kila jioni. AC ya inveta (inayojirekebisha kasi yenyewe) yenye uwezo wa kupasha haitengenezi joto, inalihamisha kutoka nje, kwa hiyo kwa yuniti moja unaweza kupata joto la yuniti tatu hivi, hasa baridi ya nje ikiwa ya wastani kama ya kwetu.

Nikachukua AC. Dukani uliza mapema kama inapasha, maana nyingi zinazouzwa hapa ni za kupoza tu, na muuzaji atakujibu "zote ni sawa, dada". Si sawa. Mwambie aiwashe kwenye alama ya jua, usikie kama hewa ya moto inatoka. Fundi umeme aliivutia laini yake yenyewe kutoka kwenye mein swichi, na bomba la maji likapewa mteremko wa kutosha kuelekea nje, kwa sababu masika tunaiweka kwenye hali ya kukausha hewa na hapo ndipo inapodondosha maji.

Mama anaiweka 22, na vigae tumevifunika kwa zulia. Umeme ukikatika anapanda juu kwetu.