Vikomo visifungiwe ndani ya kodi ya programu

Jamani, kwenye hizi fremuweki (programu za msingi ambazo wengine wanajengea kazi zao) za kuendesha kazi hatua kwa hatua kuna kitu naona tunakipuuza sana, nacho ni vikomo: hatua iruhusiwe kukimbia muda gani, ikifeli irudiwe mara ngapi, ngapi zikimbie kwa pamoja. Mtu anatengeneza fremuweki nzuri kabisa, halafu kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua anaandika 300 na mambo yameisha, kila kazi ni sekunde 300, iwe ya kutuma ujumbe mmoja au ya kuchakata data ya mwezi mzima.

Sasa dakika tano kwa kutuma ujumbe ni nyingi mno, seva ya upande wa pili ikiganda na wewe unaganda nayo huku foleni inajaa. Kwa data ya mwezi ndo hazitoshi kabisa, kazi inauawa karibu na mwisho, inaanza upya, inauawa tena palepale, na mashine imechoka bure. Hata utafute namba nzuri vipi haitawatosha wote, kwa hiyo mwenye kazi apewe nafasi ya kuseti mwenyewe.

Airflow, fremuweki mojawapo ya aina hii, wamejitahidi hapa, taski (hatua moja) ina execution_timeout yake, yaani kikomo cha muda, mtiririko mzima wa hatua una dagrun_timeout, na idadi ya taski zinazokimbia kwa pamoja difolti yake (namba inayotumika usipoweka yako) ni 32, unaibadilisha kwenye konfigi, yaani faili la mipangilio, bila kugusa kodi. Ila execution_timeout usipoiweka taski haina kikomo chochote! Ikikwama inashikilia nafasi mpaka mtu aje kuiona, na hiyo difolti mimi siipendi hata kidogo. GitHub Actions, huduma ya kuendesha majaribio ya kodi, nao difolti ni dakika 360, masaa 6 hayo, kwa majaribio ambayo kwa kawaida yanaisha ndani ya dakika kumi. Aliyesahau kuseti ndo anayehitaji kulindwa zaidi, kwa hiyo difolti iwepo na iwe fupi.

Kuhusu mpangilio wa ngazi, mimi naupenda hivi: difolti ya fremuweki iwe chini kabisa, inafunikwa na konfigi ya mazingira, nayo inafunikwa na mtiririko, halafu hatua yenyewe ndo yenye neno la mwisho, LAKINI juu ya yote anayesimamia seva awe na dari lake. AWS Lambda, huduma ya Amazon ya kukimbiza kodi kwenye seva zao, ni hivyohivyo, difolti sekunde 3, unapandisha unavyotaka hadi 900 na hapo ndo mwisho. Na mtu akiomba zaidi ya dari akataliwe mapema wakati mtiririko unasajiliwa, msimpunguzie kimyakimya, maana ataona ameandika 7200 na kazi inakufa kwenye 3600, atatafuta tatizo usiku kucha.

Celery, maktaba ya Python ya kuendesha taski za foleni, wana kitu kingine natamani kila fremuweki ingekuwa nacho, vikomo viwili kwa taski moja. Kile laini kikifika taski inarushiwa eksepsheni (ishara ya kosa ambayo kodi inaweza kuidaka), inapata nafasi ya kufunga mafaili na kuachia koneksheni ya database, kile kigumu kikifika prosesi inauawa hapohapo. Ukiniambia nichague kimoja tu cha kuongeza kwenye fremuweki yako leo nitachagua hiki.

Kingine, kazi ikianza iandike kwenye rekodi yake vikomo ilivyoanza navyo, maana kuna kazi za siku tatu na konfigi inabadilishwa katikati. Kwa mifumo kama Temporal, inayokimbiza upya kodi ya mtiririko kwa kufuata historia ya yaliyokwishafanyika, ndo hatari zaidi, kodi ya mtiririko ikisoma konfigi mpya wakati wa kurudia inaweza kufuata njia tofauti na ile ya mwanzo na kazi nzima inakwama.

Na ujumbe wa kosa, jamani. "Taimauti" (muda umekwisha) peke yake haisaidii mtu. Andika hivi: hatua tuma_ripoti imezidi sekunde 300, kikomo kimetoka kwenye konfigi ya mazingira, unaweza kukipandisha hadi 3600. Msomaji anajua nini kimekufa, namba imetoka wapi na aende wapi kuibadilisha, hana haja ya kufungua kodi ya fremuweki. Hata jina la setingi libebe kipimo chake, taimauti_sekunde, maana kuna maktaba zinahesabu kwa sekunde na nyingine kwa milisekunde, na 300 haisemi yenyewe ni ipi.