Kondensa na bomba lisiloshika maji: faida inapoishia

Kondensa ni chombo kinachogeuza mvuke kuwa maji kwa mabomba yanayopitisha maji baridi ndani. Kila kilo ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji huachia takriban kilojuli 2,257, na joto hilo lote lazima lipenye ukuta wa bomba. Kikwazo kikubwa upande wa mvuke ni maji yenyewe. Shaba nyekundu hupitisha joto zaidi ya mara 500 kuliko maji, lakini bomba safi hutandawa na maji, na mvuke unaofuata haufikii tena shaba.

Bomba likipakwa rangi inayokataa maji, hali hubadilika. Vitone vidogo hujaa juu yake, huvimba, huungana, na tone likifika kama milimita 2 huporomoka likizoa yote yaliyo njiani. Nyuma yake hubaki mstari mkavu, na papo hapo vitone vipya huchipuka. Kazi kubwa hufanywa na hivyo vidogo, si vile vikubwa vinavyovutia macho. Tangu 1930, Schmidt na wenzake walipochapisha vipimo vyao Ujerumani, inajulikana kwamba matone hupitisha joto mara 5 hadi 10 kuliko utando wa maji.

Mbona basi kondensa nyingi hazipakwi? Piga hesabu. Chukua utando unaopitisha wati 10,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, na matone yanayopitisha wati 100,000. Rangi ya Teflon (plastiki isiyoshika maji) yenye unene wa maikromita 20 (milimita 0.02) peke yake huruhusu wati 12,500 tu, kwa hiyo faida karibu yote imeliwa na rangi. Yenye unene wa maikromita 1 huruhusu 250,000, safi kabisa, ila haidumu: mvuke hupenya vitundu vyake, maji hujikusanya chini yake, nayo hubenjuka.

Na zile nyuso zenye vinyweleo ambazo tone la maji hudundia juu yake? Kwenye mvuke usiziamini haraka. Tone la kumwagiwa hukaa juu ya vinyweleo, lakini mvuke hugeuka maji humo humo katikati yake. Ukizidisha ubaridi, nafasi hizo hufurika na matone hung'ang'ania, pengine zaidi kuliko kwenye bomba la kawaida.

Hewa nayo ni adui. Ikichanganyika na mvuke, asilimia 0.5 tu kwa uzito yaweza kupunguza upitishaji kwa nusu, upake usipake. Mvuke wa ardhini, kama wa Olkaria nchini Kenya, huja na kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi, kwa hiyo pampu ya kunyonya gesi hutangulia rangi.

Halafu kuna upande wa maji ya kupoozea. Yakipitisha wati 5,000, basi hata kuruka kutoka 10,000 hadi 100,000 upande wa mvuke huongeza upitishaji wa bomba zima kutoka 3,333 hadi 4,762: asilimia 43, tena kabla ya kuhesabu ukuta wa bomba na ukoko wa chumvi za maji ulioganda ndani. Ukoko huo usuguliwe kwanza, ndipo uulize bei ya rangi.